Nyuki Haagi

Lebo ile niliiandika usiku mmoja, kwa simu, nikalipwa shilingi 2,500 kwa M-Pesa. Ilisema hivi: "Asali safi ya maua ya mikoko, kutoka hori ya Mida." Chini yake nikaongeza sentensi mbili tatu kuhusu upepo wa bahari na mizizi iliyozama majini. Yote nikayageuza Kiingereza, na rafiki yangu anayefanya kazi na Waitaliano pale Watamu akanigeuzia Kiitaliano. Aliyenipa kazi alikuwa mama mmoja mfanyabiashara, ananunua asali vijijini na kuiuza mahotelini. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mashallah mdogo wangu, sasa hii ndiyo asali."

Asali yenyewe ilikuwa ya babu yangu. Si babu mzaa baba wala mzaa mama, ni ndugu ya bibi yangu mzaa mama, Mgiriama wa upande wa Mida. Kwetu hiyo ni babu tu, hakuna hesabu nyingine. Ana mizinga kumi na minne. Tisa ameitundika mikokoni, mitano iko kwenye mikanju nyuma ya nyumba. Chupa ya kwanza yenye lebo nilimpelekea mwenyewe, nikijivuna. Macho yake hayasomi tena, akataka nimsomee. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo.

"Mke wangu," akaniambia. Huniita hivyo, utani wa babu na mjukuu. "Nani kakwambia ni ya mikoko?"

"Si mizinga iko mikokoni, babu?"

"Mzinga uko mikokoni. Nyuki ana mbawa. Akitoka asubuhi haagi anakokwenda."

Nilicheka, tukanywa chai, nikapanda bodaboda nikarudi Malindi. Lakini njiani lile neno likaanza kunikera kama mwiba wa samaki uliokwama kooni: si mkubwa wa kukuua, ila kila ukimeza unaukumbuka.

*

Hebu tuanze na swali la wazi. Je, nilisema uongo?

Kwa jinsi tulivyofunzwa utotoni, uongo ni kusema kitu ambacho moyoni mwako unajua sicho. Kwa kipimo hicho mimi sina hatia. Sikujua kwamba asali ile si ya mikoko. Ila sikujua pia kwamba ni ya mikoko. Nilichojua ni kitu kimoja tu: neno "mikoko" linauza. Mtalii aliyepita kwenye daraja la mbao pale Dabaso, akapiga picha maji yakipwa, ataka kurudi kwao na kitu chenye jina la mahali pale. Nikampa jina.

Mwaka 1986 mwanafalsafa wa Marekani, Harry Frankfurt, aliandika insha iliyokuja kutolewa kama kitabu kidogo mwaka 2005. Humo alimtenga mwongo na mtu mwingine ambaye sisi twaweza kumwita mpiga porojo. Mwongo, kwa njia yake mbovu, bado anaujali ukweli: lazima aujue ulipo ndipo aweze kuukwepa. Mpiga porojo haujali kabisa. Kwake maneno ni chombo cha kazi, na kama kazi imefanyika basi yametosha, yawe kweli yasiwe kweli. Frankfurt alimwona huyu wa pili kuwa adui mkubwa zaidi wa ukweli.

Nilipoisoma hoja hiyo niliona aibu, manake ilinieleza mimi. Lebo yangu ilikuwa porojo iliyopigwa chapa. Tena nilikuwa na sababu ndogo ya kujitetea kuliko wengine. Nilisoma kemia chuo kikuu kwa miaka miwili kabla karo haijanishinda. Cheti sina, lakini madaftari ninayo. Nilijua, au nilipaswa kujua, kwamba swali la asali imetoka ua gani si swali la mashairi. Ni swali lenye majibu, ingawa majibu yenyewe yana masharti.

*

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Maabara huenda kinyume: huanza na asali, ikamfuata nyuki kurudi nyuma hadi kwenye ua.

Njia ya zamani zaidi ni chavua. Nyuki akiingia kwenye ua kunyonya nekta, vumbi la ua humganda, na chembe chache huishia ndani ya asali. Unaichanganya asali na maji, unaizungusha kwa mashine mpaka chembe zizame chini, kisha unaziangalia kwa hadubini. Kila jamii ya mmea ina chavua ya umbo lake: nyingine zina miiba, nyingine zina mifereji, nyingine duara laini. Kwa desturi ya kazi hii mtaalamu huhesabu chembe zisizopungua 300 au zaidi, na chavua ya mmea mmoja ikipita asilimia 45, asali huhesabiwa kuwa ya mmea huo.

Njia ya pili ni kemia yenyewe. Sehemu kubwa ya asali haina siri: karibu asilimia 38 fruktosi, asilimia 31 glukosi, maji kama asilimia 17 au 18. Hizo utazikuta katika asali ya Kitui na ya Ugiriki vilevile. Siri imo katika kile kidogo kilichobaki, yaani kemikali za harufu, asidi na fenoli ambazo nekta hutoka nazo kwenye mmea. Asali ya michungwa hubeba methili anthranilati, ambayo pua huitambua hata kabla ya mashine. Siku hizi kuna mashine za sumaku kubwa zinazochukua picha ya kemikali nyingi za asali kwa mara moja, kama alama ya kidole gumba, kisha kuilinganisha na alama za asali nyingine zilizohifadhiwa.

Wanaoifanya kazi hii kwa ukali zaidi ni watu wa New Zealand. Asali yao ya manuka inauzwa kwa bei ya dawa, na kila penye bei pana mwizi. Mwaka 2018 serikali yao ilianza kutumia kipimo cha lazima kwa asali inayosafirishwa nje kwa jina hilo: kemikali nne kwa viwango vilivyotajwa, pamoja na alama ya DNA kutoka kwenye chavua ya mti wenyewe. Ikikosekana moja, jina unanyang'anywa.

Na kuna njia ya tatu, ambayo haikuambii ua, inakuambia kama ua lilikuwapo kabisa. Mimea haivuti hewa kwa namna moja. Miwa na mahindi hubaki na kaboni nzito kidogo kuliko miti na vichaka vingi vinavyotembelewa na nyuki. Kwa hivyo mtu akitia sharubati ya miwa au ya mahindi ndani ya asali, mizani ya kaboni humsema. Akitia ya mchele, mizani hiyo haimwoni, na wezi walilijua hilo mapema. Mwaka 2023 Jumuiya ya Ulaya ilitoa matokeo ya kupima shehena 320 za asali iliyoingizwa huko kutoka nje. Asilimia 46 zilishukiwa kuongezwa sukari. Zingatia neno hilo: zilishukiwa.

Mchezo huu si wa jana. Kitabu cha safari za Bahari ya Hindi kilichoandikwa na baharia wa Kigiriki karibu miaka 2,000 iliyopita kinataja bidhaa zilizokuwa zikiletwa kutoka India hadi bandari za Somalia ya leo, na miongoni mwake kuna asali ya tete iitwayo sakari. Ndiyo sukari hiyo. Pwani hii ilipokea utamu usio wa nyuki kwa jina la asali kabla hata lugha hii ninayoiandika haijapata umbo tunalolijua. Labda ndiyo maana Waswahili wana "asali ya mua" mbali na "asali ya nyuki". Ile "ya" ni kipimo cha kwanza, na hakikuhitaji umeme.

*

Sasa rudi nami Mida.

Asali ya babu ikipelekwa kwenye maabara nzuri kuliko zote duniani, itaambiwa nini?

Kwanza, neno "mikoko" lenyewe litapata taabu. Sisi tunayaita yote mikoko, lakini horini mle kuna mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi. Mchu una viua vidogo vya manjano ambavyo nyuki huvijaa mpaka unasikia mti ukivuma. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya magoti unaopigwa picha, chavua yake huchukuliwa zaidi na upepo. Mlilana hufungua maua usiku, nyuki akiwa amelala. Kwa hivyo mti uliolipa jina lebo yangu huenda ndio uliochangia kidogo zaidi.

Pili, nyuki ana mbawa, kama alivyosema mzee. Kwa kawaida hutafuta chakula ndani ya kilomita mbili tatu, na njaa ikimbana huenda hata kilomita kumi. Kutoka horini ukivuka barabara ya Mombasa kwenda Malindi, kilomita chache tu, unaingia Arabuko-Sokoke: msitu wa kilomita za mraba kama 420, wenye mirihi, mibambakofi, na maelfu ya vichaka ambavyo nyuki anavijua kuliko mimi. Katikati kuna mikanju, miembe, minazi, miarubaini na mashamba ya mahindi. Nyuki wa mzinga mmoja wanaweza kutawanyika kote huko asubuhi moja.

Tatu, chavua si nekta. Mahindi hayana nekta hata tone, ila nyuki huchukua chavua yake. Hesabu ya hadubini yaweza kukuonyesha mahindi ndani ya asali ambayo mahindi hayakuitia utamu wowote. Na kinyume chake: ua lenye nekta nyingi na chavua haba laweza kujaza sega lote na likaonekana mgeni.

Nne, na hili ndilo lililonikalia zaidi: kila kipimo cha asili ya asali ni kulinganisha. Mashine haijui mchu. Inajua tu kama alama iliyo mbele yake inafanana na alama iliyohifadhiwa kwa jina la mchu. Kama hakuna aliyewahi kuchukua asali ya mchu iliyothibitishwa, mara nyingi, misimu mbalimbali, akaiweka kwenye kumbukumbu, mashine haina la kusema. Manuka ina kipimo kwa sababu kuna nchi iliyokaa chini ikapima sampuli nyingi za asali na za mimea ikitafuta alama zake. Mti wenyewe unaota Australia pia, hasa Tasmania, na pande hizo mbili zimegombania jina hilo kwa miaka. Anayeandika kumbukumbu ndiye anayepata sauti kubwa katika kesi.

Nitatoa mfano wa karibu zaidi. Ukienda kusini kuelekea Vipingo kuna mashamba makubwa ya katani. Katani ni mmea wa ukame, hufungua vitundu vya majani usiku, na kaboni yake inafanana na ya miwa. Mkonge ukiachwa uchanue, nyuki huuendea. Asali yake, halali kabisa, inaweza kuonekana kwenye mizani ya kaboni kama imetiwa sukari. Wataalamu walilijua tatizo la namna hii, ndipo wakaongeza hatua ya pili: kulinganisha kaboni ya sukari na kaboni ya protini iliyomo ndani ya asali hiyohiyo. Zikikaribiana, hakuna udanganyifu. Lakini fikiria mrina asali ambaye sampuli yake ilipimwa hatua ya kwanza tu. Ameambiwa mwizi kwa sababu mmea wa jirani yake unapumua usiku.

Pale Gede kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambao hununua pupa wa vipepeo kutoka kwa wakulima wa kando ya msitu na kuwasafirisha ng'ambo. Nimewahi kuwaonea wivu. Mnunuzi akitaka kujua kama ameletewa aina aliyoilipia, angoje tu: mwenyewe atatoka, atanyoosha mbawa, na hapo ubishi utaisha. Asali haina siku hiyo. Itakaa chupani, ya dhahabu, kimya, na itakubali jina lolote utakalolibandika.

*

Yote haya ningeyaacha yawe mawazo ya usiku, kama si simu iliyokuja miezi mitano baada ya lebo.

Mama yule alikuwa amepata mnunuzi wa Ulaya, si wa chupa mbili tatu, wa madebe. Mnunuzi alitaka ripoti ya maabara inayoonyesha asali imetoka maua gani. Mama alinipigia akiwa na furaha. "Wewe si ulisoma kemia? Niandikie karatasi moja tu mdogo wangu. Weka jedwali la namba. Hawa watu wanapenda namba." Aliniahidi shilingi 10,000. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili.

Nilikataa. Nataka kusema nilikataa kwa sababu mimi ni mtu mwema, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Porojo nilikuwa nimeizoea, kughushi sikuwahi. Hata hivyo nilikataa, na kwa siku tatu nilitembea Malindi nzima kichwa juu.

Siku ya nne babu alinipigia. Mama alikuwa ameacha kununua kwake. Alikuwa amepata asali kwingine, na labda mwandishi mwingine. Babu aliyekuwa akiuza kilo moja kwa shilingi 700 sasa anauza kwa majirani kwa 400, wakipenda. Alikuwa na mjukuu mwingine anayengojewa ada ya shule, na madebe mawili ndani ya nyumba.

Nikaenda Mida kumweleza. Nilimweleza habari ya chavua, ya kaboni, ya karatasi niliyoombwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia ama anisifu ama anilaumu. Akasema tu: "Ungekuja kuniuliza kwanza."

"Ningekuuliza nini, babu? Ningekubali kuandika uongo?"

"Sikusema ukubali. Nimesema ungeniuliza. Asali ni yangu. Uliponipa jina la mikoko hukuniuliza. Uliponinyang'anya mnunuzi hukuniuliza. Na mambo yote mawili umeyafanya vizuri sana, kwa kalamu."

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu kuliko nilivyokaa na ya Frankfurt.

*

Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitumia miaka mingi kwenda vijijini kuzungumza na wazee, akisisitiza kwamba si kila mzee ni mwanafalsafa, ila wapo wanaofikiri kwa ukali na kuhoji hata yale ambayo jamii yao imeyazoea. Kitabu chake juu ya hekima hiyo kilitoka mwaka 1990. Nilikuwa nikidhani kazi ile ni ya kuwapa wazee heshima. Sasa naiona tofauti. Babu yangu hakunipa methali. Alinionyesha kosa la hoja: kwamba mahali pa mzinga na mahali pa ua ni vitu viwili, na kwamba mimi niliruka kutoka kimoja hadi kingine bila daraja. Maabara yoyote ingeniambia hivyohivyo, kwa ankara.

Halafu akanionyesha kosa la pili, ambalo maabara haina kipimo chake. Nilikuwa nimedhani maadili ya lebo ni jambo kati yangu na mnunuzi: yeye ana haki ya kuambiwa kweli, mimi nina wajibu wa kumwambia. Kumbe kulikuwa na mtu wa tatu, aliyepanda mkokoni usiku na bomba la moshi, akaumwa, akarina. Mimi nilisema kwa niaba yake mara mbili. Mara ya kwanza nilisema porojo, mara ya pili nilisema kweli, na mara zote mbili yeye hakuwa mezani. Sijuti kuikataa karatasi. Ningeikataa tena. Ila gharama ya kukataa niliilipisha mfuko usio wangu, kisha nikajisifu kwa ukarimu.

Nikajiuliza: kama kweli haitoshi, kinachohitajika ni nini tena? Jibu nililipata mahali nilipopaacha nikiwa na miaka kumi na mbili, madrasa. Maalim wetu hakuwa anatuuliza tu "Mtume alisema nini?" Akauliza pia, "Umepokea kwa nani?" Elimu ya hadithi imejengwa hivyo: maneno hayasimami peke yake, yanabebwa na mlolongo wa watu wenye majina, kila mmoja akijulikana alimsikia nani, na kama ni mkweli, na kama kumbukumbu yake ni nzuri. Habari yaweza kuwa nzuri na mlolongo dhaifu, na dhaifu lazima utaje kuwa ni dhaifu. Kuificha hali ya mlolongo ni khiyana hata kama habari yenyewe yageuka kuwa sahihi.

Lebo ni ushahidi. Shahidi mwaminifu mahakamani haulizwi tu anachojua. Anaulizwa amejuaje: uliona, ulisikia, au unadhani? Kiswahili kina akiba kubwa ya maneno ya kazi hii: nimeona, nasikia, yasemekana, huenda, nadhani, yaonekana. Lebo yangu ilikuwa na "ni" moja kubwa iliyoyameza yote. Kosa langu la asili halikuwa kutokujua ua. Nani anayejua? Kosa lilikuwa kuificha njia niliyojua nayo, manake njia yenyewe haikuwapo.

Kuna watakaoniambia: dada, huenda haiuzi. Kweli, haiuzi. Sitawadanganya kwamba uaminifu una soko lake la siri linalolipa zaidi. Hiyo nayo ingekuwa porojo. Wapo watakaosema pia: dunia nzima inapamba bidhaa zake, kwa nini ukali wote uanzie kwa mzee wa mizinga kumi na minne? Hapo nakubaliana nao nusu. Mzigo wa kuthibitisha umegawanywa vibaya. Anayefaidi jina ndiye anayestahili kulilipia jina, na kati ya horini na meza ya kiamshakinywa huko Ulaya, babu ndiye anayepata kidogo zaidi. Mnunuzi anayetaka uhakika wa ua na aulipie. Lakini nusu ile nyingine sikubali. Uonevu wa mgawanyo huo haunipi mimi ruhusa ya kujaza pengo kwa namba za kubuni. Namba za kubuni zingemfanya babu aonekane mwizi siku asali yake itakapopimwa kweli, na siku hiyo jina langu halingekuwa kwenye chupa.

Wala msinielewe kwamba naipinga maabara. Nataka kinyume. Nataka chavua ya mchu wa Mida na ya mrihi wa Arabuko-Sokoke ziwe kwenye vioo vya hadubini, na majina yake. Nchini mwetu wapo wa kuifanya kazi hiyo: icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970, kina wataalamu wa nyuki wanaoheshimika duniani. Pale ambapo maua yetu hayamo kwenye kumbukumbu, asali yetu ina njia mbili tu, kuaminiwa kijinga au kushukiwa kijinga. Kuwekwa kwenye kumbukumbu ni haki mojawapo: haki ya kutambulika unapojitambulisha.

*

Msimu huu nilimuuliza kwanza. Tulikaa chini ya mkanju, nikaandika kwa mkono, tukabishana neno kwa neno. Lebo mpya ni ndefu, haina mizizi iliyozama wala upepo wa bahari. Inasema: "Imerinwa Mida. Mizinga tisa iko mikokoni, mitano mikanjuni. Tuliporina, mchu ulikuwa umechanua na miembe ilikuwa imemaliza. Asali haijapimwa maabara. Maua tuliyoyaona ni hayo. Nyuki huenda mbali kuliko macho yetu."

Tumeuza chupa ishirini na mbili, kwa marafiki na marafiki wa marafiki, kwa shilingi 600. Madebe mawili bado yako ndani. Ada ya shule ililipwa nusu, nusu nyingine mwalimu mkuu amekubali kungoja.

Nilipomsomea babu lebo ile mara ya mwisho, kabla ya kuipeleka kupigwa chapa, alitikisa kichwa kukubali, kisha akasema kuna kitu kimepungua. Nikaogopa, nikadhani anataka mikoko irudi.

"Weka namba yangu ya simu," akasema. "Mwenye swali aniulize mimi."